Nasaba za Kiwayu na Maradhi Yaendayo na Damu

Kiwayu ni kisiwa kirefu chembamba kilicholala upande wa kaskazini mashariki wa visiwa vya Lamu, kikielekeana na Mkokoni ya bara, njiani kwenda Kiunga na mpaka wa Somalia. Wenyeji wake ni Wabajuni, watu wa bahari tangu jadi, ambao riziki yao imetoka katika samaki, kamba, kasa na boriti za mikoko, na maji yao katika majabia yaliyosakafiwa ili kukinga mvua. Mgeni ashukaye hapo hulakiwa kwa salamu, kisha huulizwa jina, na baada ya jina hufuata swali lililo zito kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni hili: wa nani? Kutaja jina la baba peke yake hakutoshi. Hutakiwa aseme babu yake ni nani, mlango wake ni upi, mama yake katoka wapi, na bibi yake alizaliwa Ndau, au Faza, au Kizingitini, au katika visiwa vya upande wa Kismayu. Na muulizaji, aghalabu mtu mzima aliyekaa barazani, hatosheki mpaka lipatikane jina moja la marehemu wanalolijua wote wawili.

Swali hilo ni la zamani, na katika kurasa hizi nimekusudia kueleza lilitoka wapi, lilitumika kwa haja gani, na jinsi lilivyohusiana na maradhi ambayo wazee wa visiwa hivi waliyaona yakirudi katika nyumba zile zile, kizazi baada ya kizazi, kabla tabibu yeyote wa Ulaya hajayapa jina.

Pwani yetu haikutunza kitu kwa bidii kama ilivyotunza nasaba. Tarehe ya Pate, ambayo Bwana Kitini, mzawa wa ukoo wa Nabhani, aliihifadhi moyoni, na ambayo Kapteni Stigand aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913, ukiivua vita na misafara yake utakuta kilichobaki ni mlolongo wa nani alimzaa nani na nani alimwoa nani, tangu Suleiman wa Nabhani, ambaye mapokeo yasema alifika Pate mwaka 600 wa Hijra akapewa binti wa mfalme. Masharifu walikuwa na shajara zao zilizoandikwa kwa hati nzuri zikawekwa sandukuni. Wabajuni, ambao mapokeo huzihesabu koo zao kuwa 18, miongoni mwao Firado, Kachwa na Nofali, aghalabu hawakuwa na sanduku la karatasi; wao walikuwa na ndimi na masikio, na mambo yaliyosemwa usiku baada ya sala ya isha, wavuvi wakingojea maji yatoke.

Lakini ni kosa kudhani kwamba wenye kuhifadhi walikuwa wanaume tu. Wanaume walihifadhi majina, kwa sababu majina yaliwapa haki ya mirathi, ya mashamba ya bara na ya heshima msikitini. Wanawake walihifadhi vitendo, na vitendo ndivyo vilivyo na manufaa zaidi kwa habari yetu. Sheria ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Shafi yafuatwayo na watu wa pwani, humfanya mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiye mamake mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili kuwa mwana wa mwanamke yule, na watoto wa mwanamke yule kuwa ndugu zake asioweza kuwaoa abadani. Basi katika kijiji kidogo, ambamo mama mmoja akiugua homa ya uzazi jirani humchukua kichanga akampa titi, ilikuwa ni lazima kuwe na mtu akumbukaye miaka 20 baadaye kwamba fulani alinyonya kwa fulani, siku ngapi, na mara ngapi, ili posa isije ikafungwa baina ya ndugu wa ziwa. Mtu huyo hakuwa kadhi. Alikuwa mkunga, au bibi wa nyumba ya karibu, ambaye kichwani mwake mlikuwa na daftari la uzazi wa kisiwa kizima: mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa dhaifu, wale waliokufa kabla ya arubaini, mama aliyepoteza watatu mfululizo, na kijana aliyelala mzima akaamka kiwete.

Daftari hilo lilifunguliwa wakati wa posa. Ujumbe wa wazee ulipokuja na maneno mazuri, wenye binti waliomba muda wa kufikiri, na katika muda ule ndipo bibi alipoulizwa kwa faragha. Kwanza waliangalia kufu, yaani usawa wa wachumba katika nasaba, dini na hali. Pili waliangalia maziwa. Na tatu waliangalia lile lililotajwa kwa sauti ya chini, nalo ni kama katika mlango ule mna wazimu, kifafa, ukoma, au watu wapigwao na kiharusi wangali na nguvu zao. Jibu baya halikutangazwa. Wazee walirudishwa kwa adabu, wakaambiwa binti angali mdogo, na kila mtu akaelewa.

Juu ya hayo, ndoa za visiwani zilifungwa karibu. Katika miji ya waungwana, Lamu na Pate, binti wa kwanza aghalabu aliozwa kwa mtoto wa ami yake, ili mali na jina visitoke. Na katika vijiji vya wavuvi sababu ilikuwa bahari yenyewe, kwani majira ya kusi yanapokaza, nje ya miamba haipitiki, na kijana hutafuta mchumba mahali anapoweza kufika. Wanazuoni hawakunyamaza juu ya desturi hiyo. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliihesabu miongoni mwa sifa njema za mke kwamba asiwe jamaa wa karibu, akataja khofu ya kuzaliwa watoto dhaifu. Na kila mwanachuoni wa Lamu alikijua kisa cha yule mbedui aliyekuja kwa Mtume akishangaa kuwa mwanawe amezaliwa na rangi isiyo yake, akaulizwa habari za ngamia wake wenye rangi mbalimbali, mpaka akakubali kwa ulimi wake mwenyewe kwamba huenda rangi ile imevutwa na mzizi wa mbali katika asili yao. Hivyo elimu ya kuwa kitu chaweza kujificha vizazi viwili kisha kikadhihiri katika cha tatu haikuletwa Lamu na meli ya moshi. Ilisomwa darasani.

Sasa nije katika ugonjwa wenyewe. Kiharusi humjia mtu ghafula: ameamka mzima, amekwenda kutia udhu, na mkono wa kuume haushiki kata, mdomo umekwenda upande, ulimi umekuwa mzito, na jina la mwanawe aliyesimama mbele yake halitamkiki. Jamaa humlaza, humfunika, na hutuma watu wawili, mmoja kwa muumishi, mmoja kwa mwalimu. Muumishi huja na pembe zake, humchanja mgonjwa mabegani na kisogoni, na kwa chuku huvuta damu nyeusi nzito. Mwalimu huketi mkekani na sahani nyeupe ya kauri, huroweka zafarani katika marashi ya mawaridi, na kwa kalamu ya unyasi huandika aya za Kurani duara ndani ya duara, akianzia ukingoni mpaka sahani ijae; huiacha ikauke, kisha huyaosha maandishi yale kwa maji safi, na maji hayo ya manjano, ndiyo yaitwayo kombe, nusu hunywewa na nusu hupakwa upande uliokufa. Baadaye hufuata siku nyingi za kukandwa kwa mafuta ya uto yaliyochemshwa na habbasoda na kitunguu thomu, au mafuta ya kasa yakipatikana, na kufukizwa ubani asubuhi na jioni.

Wenye kusoma walikuwa na maelezo ya sababu. Kitabu cha Rahma katika tiba, ambacho hunasibishwa na Imamu Suyuti na ambacho kimesomwa sana na waganga wa kitabu wa pwani hii, hufuata mafundisho ya kale ya Wayunani na ya Ibn Sina kwamba mwili husimama juu ya vitu vinne, damu, balghamu, safura na sauda, na kwamba afya ni mizani baina ya joto na baridi, rutuba na yabisi. Kwa elimu hiyo, kupooza upande mmoja huletwa na balghamu nzito ya baridi iliyoziba njia za mishipa ya fahamu, hata amri ya ubongo isifike katika kiungo. Naona ni insafu kusema kwamba mabwana wale walikosea katika kile kilichoziba, lakini hawakukosea kuwa kuna njia na njia imezibwa.

Wasiosoma walisema ni pepo. Na hapa pana jambo ambalo waandishi wengi wa mambo ya pwani wamelipita bila kulitazama, ilhali kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Pepo wa pwani hawakuwa wote wa kupita njia. Walikuwako pepo wa ukoo, waliomshika bibi, wakamshika binti, wakamngoja mjukuu, na nyumba ilijulikana kwa pepo wake kama ilivyojulikana kwa mashua yake. Watu waliosema hivyo walikuwa wameyatazama maradhi kwa makini. Walikuwa wameona kwamba mateso fulani hayachagui mtu ovyo, bali hufuata damu, hushuka kwa mzazi, huruka mmoja wa ndugu na kumwangukia mwingine. Maelezo yao siyakubali, lakini ushahidi wao ni wa kweli, na ushahidi wa kweli hautupwi kwa sababu aliyeuleta ameutafsiri vibaya.

Mfano ulio karibu nasi ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto hulia viungo usiku, hasa siku za baridi na upepo. Vidole vya mikono na miguu huvimba. Macho hugeuka manjano. Na mama, kwa maneno ya mamaye, husema ni baridi yabisi, humkanda kwa mafuta ya moto. Kilichomo ni chembe nyekundu za damu, ambazo badala ya kuwa duara na laini zimejikunja kwa umbo la mundu, zikawa ngumu, zikakwama katika mishipa myembamba. Kila mahali zinapokwama pana uchungu, na zikiiharibu mishipa ya ubongo mtoto hupata kiharusi angali wa chuoni. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa Marekani, kabla ya kinga za siku hizi, ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wenye maradhi hayo karibu mmoja hupigwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Yakumbuke hayo, kisha ufikirie ni watoto wangapi wa visiwa vyetu waliozunguliwa kwa ngoma na ubani, wakazikwa kwa jina la pepo.

Tabibu wa kwanza kuziandika chembe hizo alikuwa James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, katika damu ya kijana wa Grenada aliyekwenda kusoma huko. Lakini nchi iliyofumbua fumbo kubwa zaidi ilikuwa Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford, alizunguka nchi akipima damu za watu, akaona kwamba katika makabila kadha ya pwani na ya kandokando ya Ziwa Viktoria wenye alama ya mundu walipita 20 katika kila 100, na katika nyanda za juu walikuwa chini ya mmoja. Mwaka 1954 alithibitisha sababu: mwenye kurithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, na ndiyo maana imedumu mahali pa mbu, bali mwenye kuirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Kituo cha utafiti cha KEMRI cha Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimeonyesha kwamba kinga hiyo hufikia kiasi cha sehemu tisa katika kumi kwa malaria iliyo kali. Na katika Oman matabibu wamezikuta aina kadha za alama hiyo katika damu za raia, mojawapo ikiwa ile ya Kibantu, ambayo asili yake ni upande wetu. Hivyo safari za majahazi, ndoa za ng'ambo na biashara ya watumwa, ambazo vitabu vya hesabu vimezisahau nusu yake, zimeandikwa katika damu.

Mfano wa pili hautoki kwetu, lakini wafaa kusimuliwa, kwa kuwa waonyesha thamani ya swali la barazani. Mwaka 1976, katika mji wa Paris, Dokta Marie-Germaine Bousser alipata mgonjwa aliyepigwa na viharusi vidogo vidogo hali hana shinikizo la damu wala sababu nyingine ya dhahiri. Baada ya miaka watoto wa mtu yule nao walianza kuja na dalili zao, na hapo tabibu akaacha kumtazama mtu mmoja akautazama ukoo. Pamoja na Dokta Elisabeth Tournier-Lasserve waliichora nasaba ya jamaa ile, wakawaita walio wazima na walio wagonjwa, wakapiga picha za bongo zao, wakakuta hata baadhi ya waliojiona wazima wana alama za ugonjwa. Mwaka 1993 walijua kwamba ila imo katika kromosomu ya 19, wakaupa ugonjwa jina la CADASIL. Na mwaka 1996 Dokta Anne Joutel na wenzake wakaitaja jeni yenyewe, NOTCH3. Jeni hiyo ikiharibika, kuta za mishipa midogo ya damu hulimbikiza uchafu wa protini, hunenepa na kuwa ngumu, na sehemu ya ndani ya ubongo, inayopitisha habari za fahamu, hukosa damu kidogo kidogo. Mgonjwa aghalabu huanza na kipandauso katika umri wa miaka 30 au karibu, hufuata viharusi katika miaka ya 40 na 50, huzuni isiyo na sababu, mwendo mzito, na mwisho akili hufifia. Leo koo zenye ugonjwa huu zimejulikana katika nchi nyingi, na Kolombia ina jamaa kubwa ambazo matabibu wamezifuata kizazi kwa kizazi.

Tofauti baina ya maradhi haya mawili ni ya kujua kwa kila aozaye. Selimundu hutaka urithi wa pande mbili: wazazi wawili wenye alama, ambao wenyewe ni wazima, kila mimba yao ina hatari ya moja katika nne, na ndoa ya jamaa wa karibu huzidisha uwezekano wa wazazi wote wawili kuwa na alama, kama alivyokhofu Ghazali. CADASIL hutosheka na mzazi mmoja. Kila mtoto wa mgonjwa ana hatari ya moja katika mbili, na kuoa mbali hakumwokoi. Mabibi wa posa walizichanganya aina hizi katika hukumu moja, wakawafungia mlango mabinti wengi wasio na dhara lolote, na hilo ni dhulma ambayo siwezi kuifunika kwa mapenzi yangu kwa wazee. Bahrain na Saudia, kwa amri za serikali zao, zimewalazimisha wachumba kupimwa damu kabla ya nikahi, na swali la siri limekuwa cheti cha maabara, ambacho humwambia mtu hatari yake bila kuutia ukoo wake wote aibuni.

Bahati mbaya ni kwamba wakati sayansi ilipokuja kuihitaji nasaba, nasaba ya Wabajuni ilikuwa inatawanyika. Vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963, viliwahamisha watu wa vijiji vya bara ya Kiunga, wengine wakakimbilia visiwani, wengine Lamu, Malindi na Mombasa, wasirudi tena katika mashamba yao. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya Kismayu walipanda vyombo wakaja Kenya, wakakaa katika kambi ya Jomvu, Mombasa, na wengi wakaendelea mpaka Uingereza na kwingineko. Mtu aliyezaliwa London huulizwa na daktari wake kama kwao mna kiharusi cha ujana, akatikisa kichwa, ilhali aliyejua jibu amezikwa katika kisiwa cha Chovai, au ni kikongwe wa Kiwayu ambaye hakuna amwendeaye.

Dawa ya CADASIL ya kuponya haijapatikana, bali kuacha tumbaku na kuchunga shinikizo la damu humsaidia mgonjwa. Selimundu ina matibabu yenye faida iliyothibitika: dawa ya haidroksiyurea, iliyojaribiwa kwa watoto katika Kilifi na katika Uganda, Kongo na Angola, na matokeo yake kutangazwa Desemba mwaka 2018, hupunguza uchungu, haja ya kuongezwa damu, na vifo. Lakini dawa humfikia mtoto aliyetambuliwa, na katika kisiwa ambacho hospitali kubwa i Lamu, mwendo wa saa kadha kwa mashua, utambuzi huanzia nyumbani.

Kwa hiyo naomba kwako, msomaji uliye na asili ya visiwa hivi, ukiwa Kiwayu, Majengo ya Mombasa, au ng'ambo: mwendee bibi yako angali hai, kaa naye pasipo haraka, umwulize majina ya wazazi wake na ndugu zao, nani alimwoa nani na walikuwa jamaa wa namna gani, nani alipooza na akiwa na umri gani, nani alisumbuliwa na kipandauso, watoto gani walilia viungo, nani alisahau jina la mwanawe kabla ya uzee. Usimbishie akisema pepo. Andika mwaka, andika upande wa mwili, andika mlango wa mama. Karatasi hiyo uinakili, kila ndugu awe nayo, na mwenye safari ya hospitali aichukue akaiweke mbele ya daktari kabla hajaulizwa.